Moto wa Jumatatu

Kila asubuhi, kabla wapishi hawajafika, mimi hufanya mambo yale yale. Hutundika mkoba wangu kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko la chuo, huvaa mabuti ya mpira, kisha huzunguka nje kwenda kuupiga mfuko kofi. Mfuko wenyewe ni mweusi, mpana kama chumba, umelala juu ya kichanja kama kiboko aliyeshiba. Ndani yake mna gesi inayotokana na mabaki ya chakula. Maganda, ukoko, makombo ya sahani za wanafunzi, yote hukusanywa kwenye pipa, humiminwa kwenye tangi, hushuka kwenye mtambo uliozikwa ardhini na kuozea humo. Kuoza huko ndiko kunakotupa moto. Nikiupiga mfuko kofi ukalia kama ngoma, najua siku itakuwa njema. Narudi ndani, nafungua koki, nawasha kiberiti, na moto wa bluu unachanua kwenye jiko dogo la majaribio. Naweka birika. Natoa vikombe viwili.

Birika likianza kuimba, yeye hutokea dirishani, penseli imechomekwa kwenye nywele juu ya sikio.

"Moto umeamkaje?"

"Salama."

"Na aliyeuwasha?"

Hapo mimi hutikisa kichwa tu na kumimina chai. Yeye ndiye aliyeujenga mtambo ule, na chuo kizima kinamwita Injinia. Mimi ni msaidizi wake kutoka ofisi ya mazingira, na chuo kizima kinaniita Bi Kimya. Aliwahi kunitania kwamba hata akinipigia simu husikia ninavyotikisa kichwa.

Jumatatu ile niliupiga mfuko kofi, na haukulia. Kiganja changu kilizama kama kwenye mto wa zamani.

Nilibaki nimesimama, mkono ungali umezama. Haikuwezekana. Ijumaa mchana tuliimaliza gesi yote makusudi, tukijaribu majiko makubwa mapya, ili mfuko ujae upya Jumamosi na Jumapili. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Chakula cha mchana cha chuo kizima kilikuwa kipikwe kwa gesi mbele ya wakubwa, bila ukuni hata mmoja. Sufuria zikichemka, Injinia anapewa mkataba wa kudumu. Zisipochemka, mkataba wake unaisha wiki hii.

Nilikimbia ndani, nikafungua koki, nikawasha kiberiti. Moto ulikohoa, ukawa wa njano, ukajikunja, ukafa.

Nikarudi nje kwenye tangi, nikafunua kifuniko. Kila siku tangi lile hunipokea kwa uchachu wa kutoa machozi, nami nimeuzoea kama watu wanavyozoea jirani mgomvi. Asubuhi ile lilinukia maua.

Nilifunika haraka, kama mtu aliyefungua mlango akaona asichotakiwa kuona. Harufu ile niliijua. Nilikua nayo. Ilikuwa kwenye sakafu ya nyumba yetu, kwenye mapazia, kwenye viganja vya mama yangu aliponifunga vifungo vya sare ya shule. Ni dawa ya kuua vijidudu, ile ya chupa ya kijani, ambayo Mama huinunua hata mwezi ambao sukari imetushinda. Na Mama ndiye mpishi mkuu wa jiko lile.

"Moto umeamkaje?"

Sikuwa nimemsikia akija. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikononi. Alikuwa akitabasamu. Kisha akaniangalia usoni, na tabasamu likaondoka polepole.

"Kuna nini?"

Aliugusa mfuko. Akaugusa tena, kwa mikono yote miwili safari hii, akiusogelea kama daktari. Halafu akaja kwenye tangi, akafunua, akanusa.

"Mtu amemwaga dawa humu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Vile vijidudu ndivyo vinavyotupikia. Mtu amekuja akaviua."

"Labda ni..."

"Labda ni nini?"

Nilitazama mabuti yangu.

"Ijumaa wakati naondoka nilimwona mjomba wako," akasema. "Lori lake lilikuwa limesimama hapa hapa, kinyumenyume, tako linagusa tangi."

"Mjomba hawezi kufanya hivyo."

"Basi nani?"

Nilimjua. Nikinyamaza, Mjomba anabeba lawama. Nikisema, ni Mama.

"Unajua kitu," alisema. Alinikaribia, akainama ili aone macho yangu. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamechoka. Pengine hakulala kwa ajili ya siku hii. "Siku zote ukinyamaza nakuelewa. Nakunywa chai yangu na kimya chako na nashiba. Leo sikuelewi. Sema nami."

"Sijui," nilisema.

Alinyooka. Tulikuwa hatujawahi kudanganyana.

Lazima niseme habari za Ijumaa, maana hiyo ndiyo iliyoufanya moyo wangu uwe kama ndoo inayovuja. Ijumaa, tulipomaliza majaribio, aliniambia ameitwa kazini kwingine, mbali, na wanataka jibu Jumatatu. "Mtambo ukifaulu au usifaulu, mimi sitakosa pa kushika," alisema. "Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Nibaki, nije nyumbani kwenu nijitambulishe kwa wazee, au niende?" Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Niliomba muda si kwa sababu sikulijua jibu. Nililijua tangu birika la kwanza. Niliomba muda kwa sababu ya Mjomba.

Mjomba ni kaka mkubwa wa Mama, na ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Kuni zote za jiko la chuo huletwa na lori lake. Moshi wa kuni hizo ndio ulionisomesha. Siku ya mahafali yangu hata joho lilinuka moshi. Na mimi, baada ya kusomeshwa, nikaajiriwa kuuondoa moshi. Nyumbani Mjomba alisema mara moja tu, akiwa ameinua kijiko: "Nimemsomesha mtoto, karudi na ndoo ya maji ya kunizimia moto." Halafu akaendelea kula. Tangu hapo jina la Injinia halikutajwa mezani. Likikaribia kutajwa, Mama alikuwa anauliza nani anataka chumvi.

Honi ya lori ililia langoni.

* * *

Wapishi walikuwa wameshafika. Mama alikuwa ndani ya jiko, kitambaa kipya kichwani, aproni imepigwa pasi, akipanga sufuria kubwa juu ya majiko ya gesi kwa fahari ya mtu anayepanga wageni mezani. Kando yake alikuwa msaidizi wake, mwanamke mnene mcheshi tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Bi Kimya, mbona uso kama nguo iliyonyeshewa?" Redio alinidaka mlangoni. "Leo ndiyo harusi yenu wewe na ule mfuko!"

Mjomba aliingia kwa mlango mwingine, mkono mmoja mfukoni, funguo za lori zikichezacheza kidoleni.

"Nimeleta za akiba," alimwambia Mama. "Najua leo hamzitaki. Lakini wanafunzi hawali mipango, wanakula chakula."

"Kaka, tulikubaliana," Mama alisema kwa upole.

"Nimekubali. Nimezileta tu zije zitazame."

Injinia alikuwa nyuma yangu. Nilihisi alivyopumua.

"Umezileta kwa sababu ulijua zitahitajika, Mzee."

Kisu cha kukatia kabichi kilisimama.

"Unasemaje, bwana mdogo?" Mjomba aliuliza, bado kwa sauti ya kawaida.

"Nasema mtambo umekufa. Mtu amemwaga dawa ya kuulia vijidudu kwenye tangi. Ijumaa jioni lori lako lilikuwa pale. Na leo, siku ambayo hukuitwa, umekuja na kuni."

"Injinia," nilinong'ona. "Tafadhali."

"Niache niseme. Kazi yangu imeuawa, na aliyeiua amesimama hapa anachezea funguo."

Mjomba aliziingiza funguo mfukoni taratibu. Ni mtu wa mifupa mikubwa, na anapokasirika haongezi sauti, anaipunguza.

"Kijana. Mimi nimebeba magogo tangu wewe hujaota meno. Nisipomtaka mtu, namfuata mchana, uso kwa uso, namwambia mwenyewe sikutaki. Wewe sikutaki. Umesikia? Nimekuambia mchana. Kunyemelea tangi la makombo na kichupa, hiyo kazi sikufundishwa."

"Basi nani?"

"Muulize huyo aliyesomea uchafu," Mjomba alisema, akininyooshea kidevu. "Mwaka mzima mnanong'onezana dirishani. Hamjanong'onezana hilo?"

Wote wakanigeukia. Injinia pia. Macho yake hayakunishutumu, yaliniomba. Nilifumbua mdomo. Nilimwona Mama nyuma ya mvuke wa maji ya chai, mikono yake imekauka na kupasuka kwa sababu ya dawa ile ile, na ulimi wangu ukalala.

"Jamani, jamani!" Mama alipiga mwiko juu ya mfuniko. "Kaka, nyamaza. Na wewe Injinia, mwanangu, nyamaza. Mnagombana bure. Hakuna aliyemwaga sumu hapa. Ijumaa jioni lile pipa la mabaki nililiosha mimi mwenyewe. Kaka alinisaidia kulishusha tu, halafu akaenda zake. Na tangi nililiosha. Nimelisugua mpaka nikaiona sura yangu! Nikamwaga dawa, chupa zote nilizokuwa nazo, nikasuuza kwa maji, nikamwaga tena. Kama palikuwa na sumu, basi niliimaliza mimi."

Alituangalia mmoja mmoja, akingoja tuseme ahsante.

Redio alikuwa ameacha mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amezimika.

"Mbona mnaniangalia hivyo?"

Mama alinitazama mimi. Uso wangu haujui kuficha kitu mbele yake. Niliona jinsi mwanga ulivyokuwa ukitoka usoni pake.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Mama..."

"Ni mimi?"

Mwiko ulimponyoka. Alishika ukingo wa meza.

"Nilitaka pasinuke," alisema, akiniambia mimi peke yangu, kana kwamba wengine wametoka. "Wiki ile walimu wawili walipita pale nyuma, wakaziba pua. Wewe umesimama na ndoo. Mmoja akasema, si ajabu, ni binti wa mpishi. Ulisikia. Nilikuona unainama. Nikasema, siku wakubwa wakija, hakuna atakayemzibia mwanangu pua. Sikujua kwamba uchafu nao una kazi."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini mlango ulifunguka, na Mkuu wa Huduma akaingia na wageni wake wawili wa bodi, tai zimekaza, viatu vinang'aa. Alivuta hewa kwa nguvu.

"Aisee! Leo pananukia vizuri!" alisema. "Haya, Injinia. Tuonyesheni moto."

* * *

Nimeufikiria ule ukimya mara nyingi. Ulikuwa mfupi, lakini niliona mambo matatu ndani yake. Nilimwona Mama akijiandaa kusema, mabega yameshuka kama mtu anayekwenda kupokea kipigo. Nilimwona Mjomba akisogea hatua moja, amsimamie dada yake. Na nilimwona Injinia akimtazama Mama, kisha akaitoa penseli nyweleni kama mtu avuavyo kofia.

"Hakuna moto, Mkuu," alisema. "Mtambo umekufa."

"Umekufaje? Ijumaa uliniambia uko hai kuliko mimi!"

"Dawa ya kusafishia imeingia kwenye tangi. Kosa ni langu."

"Aliyemwaga ni nani?"

"Nimeshasema kosa ni langu. Nimewafundisha wanafunzi, nimewafundisha walimu, nimezungumza kwenye ukumbi mpaka sauti ikakauka. Lakini sikuingia jikoni humu hata siku moja nikawaambia wanaoshika ndoo kwamba kitu hiki hakioshwi. Msimamizi ni mimi. Niulizwe mimi, isiulizwe ndoo."

Mmoja wa wageni alikohoa. Mkuu wa Huduma alipangusa paji la uso.

"Kufufuka unaweza?"

"Unaweza. Unataka samadi mbichi ya ng'ombe, lori zima, na subira."

"Subira!" Mkuu alicheka bila furaha. "Nina wanafunzi wanaotaka kula mchana huu. Mama Mpishi, pikeni kwa kuni. Na wewe, bwana, ulijenga kitu kinachouawa na sabuni. Mkataba wako sioni la kuuongezea."

Walitoka kama walivyoingia, wakiwa wasafi.

Mjomba hakushangilia. Nilingoja ashangilie, ili nimchukie kidogo, lakini alikwenda kwenye lori akaanza kushusha kuni mwenyewe, mzigo baada ya mzigo, akipita mbele ya Mama bila kumtazama ili asimwone analia. Injinia alimfuata mlangoni.

"Mzee, nimekukosea. Nilikuita mharibifu mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu hao hao."

Mjomba aliuweka mzigo chini.

"Nimesikia."

"Kusikia si kusamehe."

"Nimesikia, nimesema," Mjomba alijibu, akarudi kwenye lori. Lakini nilimwona, alipofika nyuma ya lori, akasimama kitambo na gogo mikononi bila kulishusha.

Mchana ule jiko lilijaa moshi kama zamani. Kila mtu alilia, na hakuna aliyejulikana analilia nini.

Nilimkuta Injinia pale dirishani petu, upande wa nje, anafunga vifaa vyake kwenye sanduku la bati. Vikombe viwili vilikuwa bado vimekaa pale nilipoviacha asubuhi, vikavu.

"Asubuhi ulijua ni mama yako," alisema bila kuinua kichwa.

Nilitikisa kichwa kukubali. Halafu nikakumbuka kwamba hanitazami.

"Nilijua."

"Uliniacha nimtukane mjomba wako, na unajua."

"Ningesema, ningemtaja Mama mbele ya watu."

"Mbele ya watu, hapana. Mimi." Sasa alinitazama. "Ungeniambia mimi, peke yangu, hapa dirishani. Ningelifunika lile tangi na kunyamaza pamoja nawe mpaka mwisho wa dunia. Watu husema shida yako ni kwamba husemi na watu. Hiyo si shida. Shida ni kwamba husemi na mimi."

Maneno hayo yaliniingia taratibu, kama maji ya baridi kwenye buti.

"Leo ni Jumatatu," akasema. "Nibaki au niende?"

Nakuapia, nilikuwa nalo jibu. Lilikuwa limesimama mlangoni mwa midomo yangu, limevaa, limejitayarisha. Lakini nilimwona Mjomba akipita na mzigo wake wa mwisho, jasho limelowesha mgongo, mtu aliyeitwa mharibifu asubuhi na bado akawalisha watoto wa watu mchana. Nikajiuliza nitamwambiaje mtu huyo kwamba nimemchagua aliyemtukana. Nikangoja Mjomba apite. Injinia naye alikuwa anangoja. Na kungoja kwangu yeye alikuchukua kuwa jibu.

"Haya," alisema kwa upole. Aliiweka penseli yake juu ya kizingiti cha dirisha, kando ya kikombe chake, akafunga sanduku. "Utaiangalia ile koki. Huwa inalegea."

* * *

Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko, macho mekundu kwa moshi na kwa mengine. Nilikaa chini kando yake. Alinuka kuni na dawa ya maua.

"Alikuuliza nini?"

"Abaki au aende."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Mama aliguna. Alichukua mkono wangu akauweka pajani pake, akawa anavikunja na kuvikunjua vidole vyangu kama nilipokuwa mdogo.

"Ijumaa ningekuuliza neno moja tu: nioshe? Ungeniambia, Mama, usioshe. Sikuuliza. Niliona nikikuuliza utajua kwamba niliwasikia wale walimu, nawe utaona aibu. Nikanyamaza nikabeba ndoo." Alitikisa kichwa. "Watu wanadhani kimya umekirithi kwa baba yako. Uongo. Baba yako alikuwa mpiga kelele hata usingizini. Hiki kimya ni changu mimi, na leo umeona kilichoua."

"Mjomba atasema nini?"

"Mjomba wako anajua kusema. Hilo usimsaidie."

Injini ya lori ilinguruma uani. Niliinua kichwa. Kupitia uwazi wa ukuta niliona jambo ambalo sikulitarajia. Sanduku la bati la Injinia lilikuwa likipanda lorini, na aliyelibeba upande wa pili alikuwa Mjomba.

"Anampeleka wapi?"

"Stendi," alisema Redio, aliyekuwa amerudi hewani, kichwa chake kimechomoza mlangoni. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Mzee kasema, mtu aliyemsitiri dada yangu sitamwacha abebe sanduku begani. Panda nikufikishe. Halafu kasema, lakini nikishakufikisha, umefika!"

Mama aliuachia mkono wangu tu.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka mabuti, yalivyokuwa mazito, yakinipiga miguu kila hatua. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni ya chakula uani, sahani mikononi, na niliwapasua katikati. Mtu mmoja alisema, "Huyo si Bi Kimya?" Lori lilikuwa limeanza kugeuza kuelekea langoni, likitoa moshi mweusi, likipiga kelele kama mashine ya kusaga. Injinia alikuwa ameketi kiti cha abiria, akitazama mbele.

"Mjomba!" niliita.

Sauti yangu haikufika hata kwenye tairi.

"Mjomba, ngoja!"

Lori likasonga. Nilikimbilia mbele yake, nikasimama katikati ya njia na mikono miwili nimeinyoosha, mimi ambaye huwa siombi hata kupishwa mlangoni. Breki zililia. Mjomba alitoa kichwa dirishani, macho yamemtoka.

"Una wazimu? Toka njiani!"

"Asiende!" nilipiga kelele juu ya ile injini. Koo lilikwaruza, halikuwa limezoea kazi hiyo. "Sisemi kwa ajili ya mtambo! Mtambo tutaufufua au utakufa, mimi simtaki kwa ajili ya mtambo! Mjomba, ulinisomesha kwa moshi na sijasahau, nitakushukuru mpaka nife, lakini mtu huyu akienda na mimi sijasema..."

Mjomba akazima injini.

"...NATAKA AJE NYUMBANI, NAMPENDA!"

Neno langu la mwisho lilibaki peke yake hewani, kubwa kuliko lori. Foleni nzima ya wanafunzi ilikuwa imenigeukia. Kijiko cha mtu kilianguka. Nilihisi damu yote ya mwili ikipanda masikioni, na nikatamani ardhi ifunguke, niozee humo pamoja na makombo, nitoe gesi.

Mjomba alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Rudia," alisema.

"Mzee!" Redio alipaza sauti kutoka mlango wa jiko. "Hata waliolala mabwenini wamesikia!"

"Nimesikia kelele," Mjomba alisema bila kugeuka. "Kelele hata mimi napiga. Nataka nilisikie neno, likiwa halina hasira wala injini. Njoo hapa, binti yangu, urudie."

Nilikwenda mpaka chini ya dirisha lake. Sikuyatazama mabuti. Nilimtazama yeye, mikunjo yake, vumbi la magome kwenye nyusi zake, na nikaona kwamba kidevu chake kilikuwa kinatetemeka kidogo. Kisha nikatazama ng'ambo yake, pale alipoketi yule mwingine, ambaye alikuwa amenigeukia sasa na hakuwa na penseli juu ya sikio, kwa sababu ilikuwa mkononi mwangu. Sijui niliichukua saa ngapi.

"Nampenda, Mjomba," nilisema, kwa sauti ile ile ninayoombea chumvi.

Nikampenyezea penseli yake kupitia dirishani.

"Nakupenda," nikamwambia. "Shuka."